Nukta Iliyofutwa

Watu wengi hubofya "Nakubali" kama wanavyoitikia salamu ya mtu wasiyemjua. Mimi siwezi. Nimekuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, na nimeona watu wazima na akili zao wakilia mbele ya hakimu kwa sababu ya maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo nasoma. Nasoma masharti ya simu, ya jiko la gesi, hata kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa ya kikohozi. Mdogo wangu hunitania kwamba siku nikifa nitamzuia malaika mlangoni mpaka anionyeshe masharti.

Huyo mdogo wangu ndiye habari yenyewe. Ni kitindamimba wetu. Nimemlea tangu ana miaka minane, mama alipotutoka, na mpaka leo, mke wa mtu na mama wa mtoto, akiingia kwangu huenda moja kwa moja kufunua sufuria. Ni fundi sanifu wa maabara katika mamlaka ya maji. Kazi yake ni kuchota maji kwenye vituo vya pampu, kuyapima, na kuandika matokeo kwenye daftari kubwa la jalada jeusi ambalo mafundi sita huliandika kwa zamu.

Jumamosi moja mchana alikuja na hakufunua sufuria. Akakaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani, kama mgeni.

"Dada, funga mlango."

Nikafunga. Akaniambia kwamba kwa miezi mitano daftari lilikuwa linasema maji ya kituo kimoja ni machafu, na ripoti inayobandikwa kwa wananchi ilikuwa inasema ni safi. Kituo hicho kinalisha mitaa mitatu na shule mbili. Wadi ya watoto ilikuwa imeanza kulaza wawili wawili kitandani.

"Umemwambia mkuu wako?"

"Mara mbili. Mara ya pili akaniuliza kama nimechoka na kazi."

Alikuwa amepiga picha kurasa zote kwa simu yake. Alitaka kuzipeleka kwa gazeti la nje, maana magazeti yetu yasingegusa jambo lile hata kwa fimbo. Ila alitaka barua pepe ambayo hakuna atakayejua ni ya nani.

"Wewe ndiye unayesoma mambo haya," akasema. "Nitafutie. Ukisema hii ni salama, mimi nimemaliza."

Nilikuwa na hofu, na niseme ukweli, nilikuwa na majivuno pia. Kutoa siri za ofisi ya umma ni miaka saba. Najua, kwa sababu hukumu za namna hiyo nazipiga chapa mimi. Lakini alikuwa amekuja kwangu, na tangu ana miaka minane sijawahi kumwambia sijui.

Nilizipima kampuni za barua pepe kwa wiki mbili, kila jioni baada ya kazi, na daftari la shule pembeni. Mwishoni zilibaki tatu.

Ya kwanza ilikuwa na jina kubwa linalojulikana na kila mtu. Nchi yake ina mkataba na nchi yetu wa kupeana ushahidi, na nakala ya mkataba huo iliyoko mahakamani kwetu niliipiga chapa kwa vidole hivi. Barua moja tu kutoka kwetu, na wao hutoa kila kitu mpaka saa uliyofungua kinywa. Nikaikata kwa mstari.

Ya pili ilisajiliwa kwenye kisiwa kidogo ambacho mahakama zake, kwa nijuavyo, hazijawahi kujibu barua yetu hata moja. Mdogo wangu akapiga makofi.

"Hapo hapo, dada! Nani atawafuata huko?"

"Na wewe utawafuata vipi? Mwenye kampuni ni nani?"

Hakukuwa na jina. Kulikuwa na sanduku la posta, na sanduku hilo hilo lilikuwa anwani ya makampuni mia nne.

"Sheria isiyoweza kuwafikia wao kwa ajili ya serikali haiwezi kuwafikia kwa ajili yako pia," nikamwambia. "Kesho wakiziuza barua zako, utamshtaki nani? Sanduku?"

Akanuna kidogo. Tukaenda kwenye ya tatu.

Hao wa tatu walifunga barua kwa ufunguo unaokaa kwa mteja mwenyewe, kiasi kwamba hata wao wakitaka kusoma hawawezi. Walikuwa wamewaita wakaguzi wa nje na kuanika makosa waliyokutwa nayo. Na kila mwaka walichapisha taarifa: mahakama zilituomba mara ngapi, tulikataa mara ngapi, tulipolazimika tulitoa nini.

"Dada, hawa wanakiri kabisa kwamba wameshawahi kutoa habari za watu!"

"Ndiyo maana nawaamini. Anayeapa kwamba hajawahi kumtaja mtu, hiyo ni habari yake na mdomo wake. Huyu ameniambia atatoa nini siku akibanwa. Naweza kupanga."

Kisha nikafika ukurasa wa thelathini na moja wa masharti yao, na naweza kuweka dau kwamba mwingine aliyewahi kuufikia ni yule aliyeuandika. Ukurasa ule ulisema kwamba miaka miwili nyuma kampuni ilihamisha usajili wake kwenda nchi ya jirani, baada ya nchi ya mwanzo kulegeza sheria zake. Ofisi zilibaki pale pale, na picha za jengo, na anwani ya huduma kwa wateja. Lakini amri halali ilikuwa ya mahakama ya nchi mpya tu. Sitazitaja nchi hizo, kila moja ina ubalozi wake na mimi nina shida za kutosha. Niliupenda sana ukurasa ule. Nilimsomea mdogo wangu kwa sauti, naye akapiga miayo.

Tukafungua akaunti mezani kwangu. Pale katikati ukatokea mstari unaouliza kama tungependa kuweka anwani ya akiba, ili mtu akisahau neno lake la siri asipoteze kila kitu. Haikuwa lazima. Lakini mdogo wangu ni mtu ambaye funguo za nyumba yake zinakaa kwangu kwa sababu amezipoteza mara tatu, na mimi ni mtu wa masjala, kitu kisicho na nakala kinaniwasha mwili mzima. Nikaandika anwani yangu, yenye majina yangu mawili kamili. Wageni wa nchi za mbali niliwapima wiki mbili. Mimi mwenyewe sikujipima hata dakika moja.

Barua ya kwanza hakuituma kwa gazeti. Aliituma kwa mkurugenzi wa maji.

"Tuwape siku kumi, dada. Pengine watarekebisha wenyewe."

Nikakubali, kwa sababu ndivyo nilivyomlea, kumwambia mtu kabla ya kumsema. Siku kumi zikapita kimya. Gazeti likachapa kurasa za daftari, kituo kikafungwa kusafishwa, msemaji wa mamlaka ya maji akakanusha kila kitu akiwa amesimama mbele ya mafundi wanaosafisha. Wadi ya watoto ilianza kupumua. Tulicheka siku hiyo mpaka nikashika ubavu. Ila anwani ya akaunti yetu ilikuwa imeshalala kwa mkurugenzi.

Sasa nieleze habari za wakili wa serikali. Ni mtu mwema, mwenye haraka, viatu vyake vinalia korido nzima kabla hajafika. Ana akili nyingi na rasimu chafu. Husahau tarehe, huchanganya vifungu, aliwahi kumwombea adhabu shahidi badala ya mshtakiwa. Mpiga chapa hamkosoi wakili, hayo ni mambo ya adabu ya kazi. Kwa hiyo tangu zamani tulijiwekea utaratibu: nikisoma rasimu yake na kitu kikanitia shaka, naweka nukta ya penseli pembeni mwa mstari. Siandiki neno. Narudisha, yeye anaangalia mwenyewe, anarekebisha, tunaendelea kama vile hakuna aliyemwonyesha mwenzake chochote. Rasimu yenye nukta zake hubaki kwenye faili, nyuma ya nakala safi. Hapo ndipo lilipotoka jina langu. Mahakama nzima huniita Bi Nukta, na wafagiaji hunitania kwamba naikandamiza penseli utadhani karatasi imenikosea.

Miezi miwili baada ya gazeti, viatu vikalia koridoni saa tatu asubuhi.

"Bi Nukta, shikamoo. Nina moto hapa. Inatakiwa leo leo."

"Marahaba. Moto wako si wa kwanza. Weka hapo."

Akaweka, akaondoka. Nikachukua penseli nikaanza kusoma kama ninavyosoma siku zote, macho mbele na mawazo kwenye chai. Ombi la ushirikiano wa kisheria. Kwa mahakama ya nchi fulani. Mkono wangu ukaweka nukta pembeni mwa jina la nchi, kwa sababu kampuni inayoombwa haijasajiliwa huko, ilihama miaka miwili iliyopita, ukurasa wa thelathini na moja.

Ndipo nikaelewa ninachokisoma. Mstari wa chini yake ulikuwa na anwani ya akaunti tuliyoifungua mezani kwangu, na ombi lenyewe lilitaka kila kitu ambacho kampuni inacho juu ya mwenye akaunti, ikiwemo anwani yoyote ya akiba.

Nikaenda chooni na simu, nikajifungia, nikasoma tena masharti. Nilichokuwa nakikumbuka kilikuwepo: barua hawawezi kuzifungua, ila anwani ya akiba wanaijua. Ukiifuta, inabaki kwenye hifadhi yao siku thelathini, halafu inatoweka kabisa. Na taarifa yao ya mwaka ilisema amri halali huijibu, kwa wastani, ndani ya siku kumi na moja.

Nikaifuta anwani yangu hapo hapo chooni. Kisha nikahesabu. Rasimu ikienda nchi sahihi, siku ya kumi na moja jina langu litakuwa mezani kwa wakili, na hakuna asiyejua kwamba Bi Nukta ana mdogo wake maabara ya maji. Ikienda nchi aliyoiandika yeye, itazunguka huko kwa makarani wasiohusika mwezi mzima au zaidi.

Nilirudi mezani. Nilichukua kifutio nikaifuta ile nukta. Nikapiga chapa barua safi, na kosa lake ndani, neno kwa neno.

Msajili wa mahakama, ambaye ndiye hutia saini barua za nje, aliishika kalamu akauliza swali lake la siku zote.

"Umeipitia?"

"Nimeipitia."

Akasaini bila kusoma. Hajawahi kusoma kitu nilichokipitia. Nilitoka pale, na sikuwa nasikitikia kosa la wakili. Nilijisikitikia mimi, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mchana ule ule nikamwita mdogo wangu, tukakutana nyuma ya jengo la posta. Nilipomweleza, alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu siku nilipomwambia mama harudi.

"Uliniambia hawaweki kitu."

"Wanaweka nilichowapa mimi."

"Kwa nini uliwapa?"

Nikamwambia ni siku thelathini tu. Akaondoka bila kuaga, akafika kona, akarudi, akanikumbatia kwa nguvu katikati ya watu waliopanga foleni ya stempu.

Siku zile thelathini sizitamani hata kwa adui yangu. Nilimpigia kila asubuhi kuuliza kama amefika kazini na kila alasiri kuuliza kama ametoka. Viatu vikilia koridoni, niliacha kupiga chapa. Wakili akipita alinisalimia, aliniletea rasimu, nami nikaweka nukta zangu, naye akarekebisha. Mara moja nilimwona tarehe ameikosea, nikaweka nukta mbili badala ya moja, kama mtu anayetoa sadaka. Akacheka: "Leo umeamka na hasira, Bi Nukta!"

Siku ya thelathini ikapita. Siku ya thelathini na nane barua ikarudi kutoka nje na maelezo mafupi ya heshima: kampuni hii haiko chini ya mahakama zetu, tafadhali waandikieni jirani zetu. Barua ya pili ikaandikwa, nikaipiga chapa, safari hii nchi ikiwa sahihi. Jibu likaja baada ya siku tisa, nami ndiye niliyefungua bahasha. Akaunti ipo. Barua zimefungwa, hatuna ufunguo. Anwani ya akiba: hakuna.

Walikuwa wamefanya kila walichosema watakifanya. Nilikaa na karatasi ile mkononi nikalia kidogo, kwa furaha, kwa ajili ya watu nisiowajua katika nchi nisiyowahi kuiona. Mdogo wangu alikuja Jumapili na mtoto wake, akafunua sufuria zote mbili, akala mpaka ya kesho.

Alhamisi iliyofuata viatu vikalia, lakini polepole. Wakili akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa na faili la ombi lile. Akatoa rasimu yake ya kwanza, akaiweka mezani mbele yangu, hakukaa.

"Walinigombeza sana juu ya hii," akasema. "Siku thelathini na nane zimepotea kwa sababu ya nchi niliyoikosea mimi."

"Pole, wakili."

"Leo asubuhi nimekwenda masjala kuitazama. Nilikuwa na hakika uliweka nukta na mimi kwa haraka zangu sikuiona. Nilikuwa nimeshajiandaa kuja kukuomba radhi."

Akaichukua karatasi, akaipeleka dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Sikuhitaji kuinuka ili nione. Penseli yangu huacha shimo.

"Miaka kumi na tisa, Bi Nukta. Nimeona nukta zako nyingi kuliko nywele zangu. Iliyofutwa sijapata kuiona."

Nikajaribu kusema kitu. Kitu chenyewe kilikuwa uongo, na yeye alikuwa anajua.

"Ningekuwa mimi nimekukosea, ungeniambia," akasema. "Kwa hiyo si mimi. Nikajiuliza, ni nani ambaye Bi Nukta anaweza kuacha kosa lipite kwa ajili yake? Nilikuwa na mafundi sita wa kuwashuku pale maabara. Nimetoka masjala nikiwa na mmoja."

Sauti yake haikuwa na hasira. Nilitamani iwe nayo. Alifungua mkoba akatoa karatasi nyingine, akaiweka juu ya ile ya kwanza.

"Hii ingeweza kupigwa chapa na mwingine yeyote. Nimekuletea wewe ili usije ukaisikia barabarani. Habari zako nitampelekea msajili kesho asubuhi, leo sina nguvu."

Akatoka. Viatu havikulia.

Ilikuwa hati ya kumwita mtu kuhojiwa. Nikachukua penseli. Nikasoma jina la mdogo wangu, majina yote matatu, yako sawa. Nikasoma anwani ya nyumba yake, kazi yake, tarehe ya kuzaliwa, ambayo hata mumewe huikosea. Sawa. Kifungu cha sheria, sawa. Siku, saa, chumba, sawa. Nikarudi juu nikasoma mara ya pili, na mara ya tatu kutoka chini kwenda juu, kama tunavyofanya kwa hukumu za kifo. Mtu yule hajawahi kuniletea rasimu isiyo na kosa. Nilitafuta pa kuweka nukta moja tu, nikakosa.

Nikampigia simu. Alipokea kwa kicheko, nyuma yake nikisikia chupa za maabara zikigongana.

"Umemaliza kazi mapema leo, dada?"

"Mwombe mkuu wako ruhusa uje kwangu. Usipitie nyumbani. Njoo sasa hivi."

Chupa zikanyamaza.

"Kuna nini? Si ulisema wale watu hawana kitu?"

"Hawana," nikamwambia. "Wao hawana."